Dakika 90 Chini, Dakika 40 Juu: Safari ya Helikopta Mombasa

Mwezi wa Agosti uliopita mama yetu alitimiza miaka 70, na sisi watoto wake watatu tukakubaliana kuchanga fedha ili aione Mombasa kutoka juu, jambo alilokuwa akilitaja kila helikopta ilipopita juu ya nyumba yetu ya Kizingo ikielekea pwani ya kusini. Tangu siku ile jamaa na majirani wamekuwa wakiniuliza kama huduma ile inafaa na kama ni salama, na kwa kuwa jibu la mlangoni halitoshi kwa swali kama hilo, nimeona niliandike kwa urefu. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu nina mambo ya kuisifu na mambo ya kuilalamikia, na pia kwa sababu nitasimulia habari za kampuni nyingine ambayo sina haja ya kuiaibisha hadharani. Ninachotaka msomaji akipate ni namna ya kuipima huduma ya aina hii popote atakapoikuta, iwe katika uwanja wa ndege wa Moi kule Port Reitz au kwenye nyasi za hoteli ya Diani.

Tuliambiwa tufike saa mbili asubuhi. Helikopta iliinuka saa tatu na nusu, na safari yenyewe ikachukua dakika 40. Shemeji yangu, aliyekuwa na kikao mjini saa tano, aliona kwamba tumecheleweshwa, na najua wateja wengine huilalamikia kampuni hii kwa jambo hilo hilo. Mimi naamini kwamba sehemu kubwa ya fedha tulizolipa ilitumika katika zile dakika 90 tulizokuwa chini, na kama ningetakiwa kuchagua kupunguziwa kitu, ningekubali kupunguziwa dakika za angani.

Jambo la kwanza lilikuwa mizani. Binti aliyetupokea alimwamkia mama, "Shikamoo mama," na baada ya kuitikiwa akasema kwa upole, "Tutakuomba upande hapa, na mkoba wako pia tutaupima. Namba naiona mimi peke yangu." Kweli, kibao cha mizani kilikuwa kimeelekezwa kwake, wala hapana aliyesimama nyuma angeweza kukisoma. Mama hakuona haya hata kidogo. Baba yake alikuwa nahodha wa jahazi aliyekuwa akileta boriti kutoka Lamu, naye alituambia pale pale kwamba babu hakuwahi kung'oa nanga kabla ya kujua kilichopakiwa na mahali kilipokaa, maana chombo kilichoelemewa upande mmoja hakimsikii mwenye usukani.

Mfano wa mama ulikuwa sahihi kuliko alivyojua. Helikopta huning'inia chini ya mapanga yake, na uzito ukizidi mbele, nyuma au upande mmoja, rubani hulazimika kusukuma usukani kinyume ili kuisawazisha, hadi afike mahali ambapo usukani hauna tena nafasi ya kusogea. Joto nalo huchangia, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi, na ya nyanda za juu ni nyepesi zaidi. Mzigo ambao helikopta inaunyanyua bila taabu Mombasa asubuhi unaweza kuishinda Nanyuki saa nane ya mchana. Ndiyo maana uzito haupaswi kukisiwa. Baada ya kupimwa, kila mmoja wetu alionyeshwa kiti chake, na mpwa wangu wa miaka 11, aliyekuwa ameshajichagulia kiti cha mbele, akaambiwa akae nyuma. Alinuna kidogo, lakini hapakuwa na majadiliano.

Wakati tukipimwa, rubani alikuwa nje na karatasi yake ya ukaguzi iliyofunikwa kwa plastiki, akiizunguka helikopta taratibu. Ilikuwa ya aina ya AS350, yenye injini moja na mapanga matatu ya juu. Nilitoka nikasimama mbali mahali niliporuhusiwa, nikamtazama kwa takriban nusu saa. Alifungua vifuniko vya injini kimoja kimoja, akachungulia kwa tochi ingawa jua lilikuwa limeshapanda, akasoma viwango vya oili, akapitisha kiganja chake juu ya kila panga, kisha akaenda mkiani na kuyatikisa kidogo yale mapanga mawili madogo, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Kikomeo kimoja cha kifuniko cha injini alikifunga, akakivuta, hakikumridhisha. Alikifungua, akakifunga tena, akakivuta tena, halafu akamwita fundi. Fundi alikuja na bisibisi, wakakishughulikia wawili hao, na rubani akarudi nyuma hatua tatu katika karatasi yake na kuanza tena kutoka hapo badala ya kuendelea alipokuwa ameachia. Hilo la kurudi nyuma hatua tatu ndilo lililonituliza moyo kuliko mengine yote niliyoyaona asubuhi ile, kwa sababu mtu anayekatizwa kazi huwa rahisi kuamini kwamba ameshamaliza alichokuwa ndiyo kwanza anaanza.

Kisha alimwita mpwa wangu. "Njoo uone, kijana." Alikuwa ametoa mafuta kidogo kutoka chini kabisa ya tangi na kuyatia katika kichupa cha kioo, akakiinua mbele ya ukuta mweupe wa banda ili rangi yake ionekane. Alimweleza kwamba katika mji wenye unyevu kama wetu, tangi likilala na nafasi wazi ndani yake, hewa huacha matone ya maji usiku. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hushuka chini na kungoja, na injini ikiyanywa huzimika. Kama yangekuwapo yangeonekana chini ya kichupa kama shanga. Hayakuwapo. Mtoto alikishika kichupa kwa mikono miwili, akakigeuza, akakitazama kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo hajaacha kuwauliza watu wenye magari kama wanajua kilichomo chini ya tangi zao.

Nilimwuliza fundi kuhusu chumvi, kwa sababu hakuna mwenye nyumba Mombasa asiyejua jinsi mabati na nondo zinavyoliwa. Alinieleza kwamba helikopta inayoruka juu ya bahari huoshwa kwa maji safi, na injini yake nayo husafishwa ndani kwa maji, ili chumvi isipate muda wa kukaa. Alinionyesha mpira wa maji na daftari wanamotia saini kila wanapomaliza kuosha. Kama unakwenda mahali pengine, uliza swali hilo. Anayefanya kazi hiyo hulijibu bila kufikiri.

Ni haki kusema kwamba ukaguzi wa macho una mipaka yake. Mwezi wa Oktoba 2018, helikopta ya aina ya AW169 ilianguka nje ya uwanja wa kandanda wa Leicester, Uingereza, muda mfupi tu baada ya kuruka kutoka katikati ya uwanja huo, na ikamwua mmiliki wa klabu ya Leicester City, Vichai Srivaddhanaprabha, pamoja na watu wengine wanne. Wachunguzi waligundua kwamba beringi katika mfumo wa mapanga ya mkiani ilikuwa imeharibika, mahali ambapo jicho la rubani anayeizunguka ndege haliwezi kufika. Kwa hiyo nisieleweke kwamba kichupa cha mafuta na tochi vinatosha. Lakini ikiwa yapo mambo yasiyoonekana, basi yale yanayoonekana hayana udhuru wa kuachwa.

Hapa kwetu tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Tulilisema neno hilo tarehe 10 Juni 2012, helikopta ya polisi ilipoanguka Ngong na kuwaua Waziri wa Usalama wa Ndani, Profesa George Saitoti, waziri msaidizi wake Orwa Ojode na wenzao wanne; tukalisema tena tarehe 18 Aprili 2024, Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wanajeshi wenzake tisa walipofariki katika kaunti ya Elgeyo Marakwet. Sizitaji ajali hizo ili nihukumu sababu zake. Ninalolikataa ni kulitumia neno la kufariji wafiwa kana kwamba ni maelezo ya kilichotokea. Msiba una subira yake, na mitambo ina hesabu yake, na mtu anayenipeleka angani namtaka awe wa hesabu.

Saa tatu kasorobo tulikuwa tayari, lakini rubani hakutuita. Upande wa Kilifi palikuwa na wingu la kusi lililokuwa likimwaga mvua baharini, nalo lilikuwa likisogea kuelekea njia tuliyopangiwa. Alizungumza na mnara wa kuongozea ndege, akaangalia tena taarifa za hali ya hewa, akarudi na kutuambia tutasubiri. Shemeji alimkumbusha kikao chake, kwa heshima lakini kwa msisitizo, na akapendekeza tupite chini ya wingu. Rubani alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mama kama ndiye mwenye safari, na kwa kweli ndiye aliyekuwa mwenye safari: "Wingu lile, mama, halina ugomvi na sisi ikiwa tutaliacha lipite."

Nilifikiria ajali ya Calabasas, California, ya tarehe 26 Januari 2020, iliyomwua mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant, binti yake Gianna na watu wengine saba. Injini za helikopta ile zilikuwa nzima. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilieleza kwamba rubani aliendelea mbele akaingia katika mawingu, akapoteza uwezo wa kujua juu ni wapi na chini ni wapi, na kwamba shinikizo alilojitwika mwenyewe la kumfikisha mteja wake lilichangia. Hakuna aliyekuwa amemlazimisha. Basi mteja anayenung'unika huongeza uzito juu ya mabega ambayo tayari yamebeba, na hilo nilimweleza shemeji baadaye nyumbani, akanielewa. Wingu lilipita kwa dakika 35.

Sasa nije kwenye malalamiko yangu makubwa. Maelezo ya usalama yalitolewa kwa Kiingereza, kwa kasi ya mtu aliyeyakariri, na kadi ya maelezo iliyo mbele ya viti nayo ni ya Kiingereza kitupu. Tulikuwa abiria wanne, sote wenyeji wa mji huu, na mwenye safari hajui Kiingereza zaidi ya salamu. Nilipomwambia rubani kwamba mama hakufahamu, aliomba radhi mara moja na akaanza upya kwa Kiswahili kizuri, cha mtu aliyekulia pwani, tena polepole. Kwa nini basi hakuanza nacho? Onyo lisiloeleweka halijatolewa, hata kama karani ameshaweka alama kwenye karatasi kwamba limetolewa.

Sisemi hivi kwa ajili ya kutetea lugha tu. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyokuwa ikija Nairobi ilitekwa nyara, ikaishiwa na mafuta, ikaanguka katika bahari yetu hii hii karibu na pwani ya Ngazidja. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki. Miongoni mwao walikuwamo abiria ambao hawakufa kwa kishindo: walikuwa wameyajaza upepo majaketi yao ya kujiokoa wakiwa bado ndani ya ndege, na maji yalipoingia, majaketi yakawapandisha hadi kwenye dari yakawabana huko, wasiweze kupiga mbizi na kufuata mlango. Kanuni yenyewe ni sentensi moja, na rubani alipomwambia mama kwa Kiswahili, ilikuwa hivi: "Kamba hii usiivute ukiwa ndani. Toka kwanza, ndipo uvute." Mama alimrudishia maneno yale neno kwa neno, kama mwanafunzi wa chuo anayesomeshwa aya.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona popote. Alimwambia kila mmoja wetu afungue na kufunga mkanda wake mwenyewe mara mbili, kisha afumbe macho na kuutafuta mkono wa mlango kwa kupapasa. Helikopta ikianguka majini aghalabu hupinduka, kwa kuwa injini na mapanga, vyenye uzito mwingi, viko juu, na mtu aliye kichwa chini ndani ya maji hana cha kumwongoza ila mkono wake. "Mlango hauhami, mama," alimwambia. "Ukiupata sasa, na wakati huo utaupata." Katika kukagua mikanda, aliona kwamba mhudumu mwingine alikuwa amemfunga shemeji mkanda juu ya kifuko cha jaketi kilichokuwa kiunoni, akaufungua na kuupitisha mahali pake, chini, juu ya mifupa ya nyonga. Hilo nalo si dogo. Mwezi wa Januari 2023 helikopta mbili za watalii ziligongana huko Gold Coast, Australia, watu wanne wakafa, na wachunguzi wakaona kwamba mikanda ya abiria kadhaa haikuwa imefungwa sawasawa, na vifuko vya majaketi vilikuwa sehemu ya sababu. Rubani alilirekebisha kosa, lakini mhudumu hakupaswa kulifanya, na kampuni inatakiwa kumfundisha.

Kuna kitu kingine alichokifanya kimyakimya ambacho nilikielewa baadaye tu. Ukanda wa mkoba wangu ulikuwa umelala sakafuni. Aliuokota, akauzungusha, akausukuma chini ya kiti. Mpwa wangu alikuwa ameomba mlango mmoja uondolewe ili apige picha, kama alivyoona watalii wakifanya, na alikataliwa pasipo nafasi ya kubembeleza. Tarehe 11 Machi 2018, helikopta ya aina hiyo hiyo ya AS350 ilikuwa ikiruka New York ikiwa na abiria watano waliofungwa kwa kamba za mgongoni ili wakae milango ikiwa wazi na kupiga picha. Kamba ya mmoja wao ilinasa kwenye kishikio cha kukata mafuta kilicho sakafuni karibu na rubani, ikakivuta, injini ikazimika. Helikopta ilishuka juu ya maji ya East River, maboya yake hayakujaa upepo inavyotakiwa, ikapinduka. Rubani alitoka. Abiria wote watano walizama wakiwa wamefungwa. Tangu niyasome hayo sijaweza kuuona mkoba ulio miguuni mwangu katika chombo chochote kama kitu kisicho na maana.

Safari yenyewe nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa uzuri wake kila mtu ataujua mwenyewe. Tulipita juu ya Kilindini, tukaziona feri za Likoni zikipishana, tukaizunguka Ngome ya Yesu na mapaa ya Mji wa Kale, tukafuata mwamba wa Nyali na Bamburi hadi Mtwapa, ambako bahari ilikuwa na rangi tatu zilizopakana bila kuchanganyika. Mama hakusema neno hadi tulipopita juu ya Bandari ya Kale. Hapo alinyoosha kidole mahali jahazi la baba yake lilipokuwa likifunga, akakiacha kidole kile kwenye kioo hadi bandari ilipopotea nyuma yetu.

Tulipotua, hatukufunguliwa milango hadi mapanga yaliposimama kabisa. Mapanga yanapopunguza mwendo hulegea na kuinama, na upepo wa kusi unaweza kuyashusha hadi kimo cha kichwa cha mtu. Wakati wa kupanda pia tulipelekwa kutoka mbele, rubani akituona, mbali na mkia, na mama aliombwa aufunge mtandio wake na kuuchomeka ndani ya buibui usije ukapeperuka. Hakuna aliyemwambia auvue; alionyeshwa namna ya kuufunga tu.

Nalinganisha haya na safari niliyoifanya miaka miwili kabla, na kampuni nyingine, kutoka hoteli moja ya pwani ya kusini. Helikopta ilitua, haikuzima injini, tukakimbizwa ndani tumeinama. Uzito tuliulizwa kwa mdomo, nami kwa kuona haya nilipunguza kilo nane. Hatukuonyeshwa jaketi lolote, ingawa njia nzima ilikuwa juu ya maji, na mlango wangu ulifungwa na kijana wa hoteli aliyekuwa akibeba mizigo. Tulifika salama, tukapiga picha, nami nikawasifia watu huduma ile kwa kuwa ilikuwa ya haraka. Najuta kuisifia, na zile kilo nane nazijutia zaidi, kwa sababu hesabu ya rubani yule ilikuwa na uongo wangu ndani yake.

Anayetaka kwenda aulize kwanza kama kampuni ina cheti cha uendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na akiangalie cheti kwa macho yake. Mimi nilionyeshwa bila kinyongo. Achague saa za asubuhi, asipange kikao siku hiyo, na akiwa na mzee asiyejua Kiingereza aseme mapema maelezo yatolewe kwa Kiswahili. Mahali pa kungojea hapana kivuli cha kutosha wala viti vya wazee, na kwa kampuni inayojua fika kwamba itawangojesha watu, hilo halina sababu. Nimewaandikia barua kuhusu viti na kuhusu ile kadi, na nikaambatanisha tafsiri ya Kiswahili niliyoiandika mwenyewe, ambayo mama aliisikiliza nikimsomea na kunirekebisha mahali pawili. Wamenijibu kwamba rubani ameshaisoma na ataanza kuitumia wakati kadi mpya zikichapishwa. Dada yangu amewaomba nafasi ya Desemba, kaskazi ikishaanza.